Povu la Pili

Katika kile kiwanda cha kugeuza maji ya bahari kuwa maji ya kunywa, palikuwa na mtu mmoja tu ambaye hakuna aliyethubutu kumwambia afanye haraka. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba ya kiatu, na watu walimwita Mama Povu. Jina hilo alipewa kwa utani likamganda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Mlinzi wa getini aliliandika kila asubuhi kwa mwandiko wa madaha, na hakuna aliyewahi kumsahihisha.

Kazi yake ilikuwa chumba cha kwanza. Maji ya bahari yakishavutwa na pampu hayaendi moja kwa moja kwenye tando zinazotenga chumvi. Tando hizo ni nyembamba tena zina madeko: ukizipa maji yenye uchafu kidogo zinaziba, ukizipa klorini kidogo zinaharibika, na zikishaharibika mji mzima unashika ndoo. Kwa hiyo kabla ya kuzifikia, maji hupita kwa Mama Povu. Chumbani kwake mabomba meupe, marefu kuliko mtu, yamesimama safu kwa safu, na ndani ya kila bomba mna maelfu ya nyuzi zenye tundu katikati. Maji huingia kwenye tundu la uzi, yakapenya ukuta wake, yakatokea upande wa pili yakiwa meupe. Matope, mwani na vijidudu hubaki ndani ya uzi vikishangaa, na kila baada ya muda maji safi husukumwa kinyumenyume ili kuvifukuza.

"Chumvi si ugomvi wangu," aliwaambia wageni waliokuja kutembelea kiwanda. "Mimi nafukuza uchafu. Mambo ya chumvi muulizeni wa chumba cha pili, tena muulizeni kwa adabu, maana bila mimi hana kazi."

Huko si kujisifu. Ni kweli, na kama kweli inafanana na majivuno, kosa si la mwenye kuisema.

Alianza kazi pale enzi za mchanga. Wakati huo maji ya bahari yalichujwa kwenye matangi makubwa ya saruji yaliyojazwa mchanga na kokoto, na wanaume wa mchanga walitembea kiwandani kama wenye shamba. Yeye alikuwa maabara, akipima kiasi cha uchafu uliopenya. Uchafu ulipenya kweli kweli, hasa bahari ikichafuka, na kila alipopeleka majibu aliambiwa mashine yake ya kupimia ni mbovu. Siku wakubwa walipotangaza kwamba mchanga unaondoka na nyuzi zinakuja, wanaume wa mchanga walicheka mpaka wakashikana mabega. "Nyuzi? Sasa tuajiri na mafundi cherehani?"

Mama Povu, ambaye bado hakuwa na jina hilo, hakucheka. "Baba yangu alitulea kwa uzi na sindano," alisema. "Sioni cha kuchekesha hapo." Akaomba apelekwe kusomea machujio mapya. Aliporudi, waliocheka ndio waliokuwa wakimwuliza wabonyeze kitufe gani.

Mmoja wao alibaki naye mpaka uzeeni. Huyu alikuwa mtu wa pampu, jina la utani Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Kila chujio lilipoleta matatizo, Redio alitingisha kichwa na kusema, "Mchanga haukatiki." Mama Povu humjibu, "Na ulimi wako haukatiki," kisha wanaendelea na kazi. Miaka ilipita hivyo, na siku Redio alipokuwa mgonjwa chumba kilipooza mpaka yule mama akajikuta anayasema mwenyewe yale ya mchanga, peke yake, mbele ya mabomba.

Sasa hilo povu. Uzi ukikatika ndani ya bomba, huwezi kuuona. Inabidi ukaushe bomba, usukume hewa, uangalie mshale wa presha. Mshale ukisimama, nyuzi zote ni nzima. Ukishuka, kuna mahali hewa inavuja. Hapo unalitoa bomba, unalilaza mezani, unamwaga maji juu ya kichwa chake ambapo midomo ya nyuzi zote imepangwa imebanana, kisha unasukuma hewa taratibu na kukodoa macho. Uzi uliokatika utatoa povu mdomoni. Unachukua pini ndogo yenye gundi, unauziba, unageuza bomba, unaziba na mdomo wa upande wa pili. Wenyewe huita kuzika. Uzi umezikwa, wenzake wanaendelea kuishi.

Ubaya ni kwamba midomo hiyo iko karibu mno, na povu lina tabia ya kuzaliwa hapa na kwenda kukaa kwa jirani. Mwenye papara huona povu, huchomeka pini, kumbe amemzika mzima na kumwacha mgonjwa. Ndiyo maana Mama Povu aliwawekea wenzake sheria. Likitokea povu la kwanza, lifute. Subiri. Likitokea la pili, angalia linatokea wapi, si linakaa wapi. "Povu la kwanza ni umbea," alisema. "La pili ni ushahidi." Alilisema mara nyingi hivi kwamba watu walilisema kabla yake, kwa sauti yake, huku wameshika miwani ya kufikirika.

Nyumbani alikuwa na mume fundi saa, mtu mpole mwenye maneno machache na mzaha mwingi. Alitengeneza saa kwenye kibanda chenye dirisha dogo kando ya barabara, na kila jioni alisikiliza habari za machujio kama wengine wanavyosikiliza mpira. Aliwajua wote bila kuwaona, Redio na mhandisi na mlinzi. Aliyajua hata mabomba sumbufu. Watu wakimwuliza mke wake anafanya kazi gani, alijibu, "Anachuja bahari," halafu anainamia saa yake kana kwamba amesema jambo dogo.

Kisha figo zake zikachoka. Hawakujua mpaka miguu ilipovimba na chakula kikawa hakipiti, na daktari alipowaeleza, aliwaeleza wakiwa wameshikana mikono chini ya meza. Tangu hapo, kila baada ya siku moja fundi saa alikaa kwenye kiti hospitalini na damu yake ikapitishwa kwenye mashine kusafishwa.

Siku ya kwanza kabisa Mama Povu alisimama pembeni kwa hofu. Nesi akatoa kwenye pakiti kibomba kinachopitisha mwanga, kimejaa nyuzi nyeupe nyembamba. Mama Povu akavaa miwani. Akakiangalia. Akaanza kucheka, kicheko cha kutoka tumboni, mpaka wagonjwa wengine wakadhani uchungu umempanda kichwani.

"Hiki nakijua," alisema huku anafuta machozi. "Hiki ni mtoto wa mabomba yangu."

Nesi, binti mrefu asiyependa maneno ya bure, alimwuliza mabomba gani, akaelezwa. Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwako uchafu unabaki ndani ya uzi," alisema. "Kwetu damu inabaki ndani na uchafu unatoka nje."

"Mradi mmoja anabaki na mwingine anatoka," alisema Mama Povu, na toka siku ile wawili hao wakaongea kama watu wa kazi moja. Hofu haikumwisha, tusidanganyane. Lakini mtu akiogopa kitu anachokifahamu, angalau anajua aogope wapi.

Mwaka ule bahari iligeuka rangi ya kutu. Joto lilizidi, vijimea visivyoonekana kwa macho vikazaana majini, na ufukweni pakanuka kama nguo zilizosahauliwa kwenye beseni. Kwa machujio ilikuwa balaa. Utelezi wa vile vijimea uliganda kwenye nyuzi, presha ikapanda, wakaosha, ikapanda tena kabla hawajakauka mikono. Safu za mabomba zikawa zinapokezana: moja inafanya kazi, nyingine inalowekwa kwenye dawa, nyingine imegoma. Maji ya mji yakawa ya mgawo. Hospitali ilikuwa na tangi lake na mtambo wake wa kuyasafisha zaidi, maana mashine za damu hunywa maji mengi sana, lakini tangi hilo lilijazwa na bomba lile lile la mji, nalo lilikuwa la mwisho kwenye mstari.

Ikafika siku ambayo juzi yake fundi saa alikuwa amekatishwa katikati ya kusafishwa damu kwa sababu maji yalipungua. Asubuhi ile alipanda ngazi za hospitali akasimama katikati, akajifanya anaangalia saa yake. Mkewe aliona, akamfikisha kwenye kiti, akaenda kazini moyo wake ukiwa umebaki pale ngazini.

Haukupita muda mrefu nesi akapiga simu. "Mama, tangi limekaribia kukauka. Maji yasipofika mchana huu, wagonjwa wa leo nawarudisha nyumbani. Mzee akiwemo. Nimeona nikwambie mimi, usije ukaambiwa na mtu mwingine."

"Umefanya vizuri," alisema Mama Povu. "Safu ya pili inamaliza kuoshwa. Nikishaipima nafungua."

Akaipima. Akasukuma hewa, akasimama mbele ya mshale mikono kiunoni. Mshale ukasimama kidogo, kisha ukaanza kushuka polepole. Bomba moja lilikuwa linachemka mapovu kwenye shingo yake ya kioo.

Mhandisi aliitwa. Alikuwa kijana mwelewa, na Mama Povu alikuwa na desturi ya kumwita mwanangu akifurahi na bosi akiudhika, kwa hiyo kijana alijua hali ya hewa mapema. Siku hiyo hakuitwa chochote.

"Ni uzi mmoja tu, labda miwili," alisema mhandisi. "Tunaweza kuendesha mpaka jioni, tukaziba kesho. Siku nyingine ningesema ziba sasa hivi. Leo sitakuamulia, mama. Najua mzee yuko wapi."

"Tulitoe hilo bomba tuendeshe mengine," alisema Redio.

"Kwa bahari hii?" alisema Mama Povu. "Hayo mengine yameshaelemewa. Ukiyaongezea mzigo wa mwenzao yatakatika nayo."

Mama Povu alikuwa anawaza waziwazi, kama mtu anayekunja nguo. Uzi uliokatika ni dirisha. Siku za kawaida dirishani huingia vumbi, ukafuta. Siku ile nje palikuwa na utelezi mzito kama uji, na ukishaingia kwenye tando za chumba cha pili ungeganda pale, na kuuondoa kungeufungia mji maji kwa siku nyingi. Leo mumewe angekaa kwenye mashine. Keshokutwa asingekaa, wala zamu ya baada yake, wala mgonjwa mwingine yeyote. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Alilijua hilo jibu kabla hajauliza swali, na bado liliuma.

"Toa bomba," alisema.

Redio alikuwa ameshashika spana.

Wakalilaza mezani. Mama Povu akamwaga maji, akaashiria, hewa ikaingia. Povu likachomoza, dogo, linang'aa, likakaa juu ya mdomo wa uzi karibu na ukingo. Mkono wake ukaenda na pini ukaziba. Wakageuza bomba. Povu likatokea upande huu, akaziba. Wakalirudisha, wakakaza, wakasukuma hewa. Mshale ukasimama kidogo. Ukaanza kushuka.

Hata Redio alinyamaza, na hapo ndipo Mama Povu alipoelewa kwamba kila mtu ameona. Hakufuta. Hakusubiri. Ameziba kwa povu la kwanza, pande zote mbili, yeye mwenye sheria, mbele ya watu aliowafundisha. Uzi mzima umezikwa na mgonjwa bado anapumua. Mganga hajigangi.

Alitoka mpaka mlangoni. Simu ikalia mfukoni, na aliyepiga alikuwa mumewe.

"Mke wangu, huku wananiuliza mimi maji yanakuja lini. Wanadhani nalala nayo."

"Nimezika mzima," alisema.

Mtu mwingine asingeelewa, lakini fundi saa alikuwa amekula habari za machujio miaka yote ile. "Imekuwaje?"

"Ni kwa sababu yako."

"Aa, mimi usiniingize." Sauti yake ilikuwa ya chini, yenye pumzi fupi. "Sikiliza. Mteja akija kusimama dirishani kwangu ananitolea macho, mkono wangu unaharibu. Kwa hiyo huwa namfukuza. Namwambia nenda katembee, urudi. Sasa leo mimi ndiye mteja. Nifukuze."

"Utatembea na miguu hiyo?"

"Nitatembea nimekaa. Nifukuze."

"Haya," alisema Mama Povu. "Nenda katembee."

"Nimeenda," alisema fundi saa, akakata simu.

Akarudi ndani, akanawa mikono, akafuta miwani kwa upindo wa koti lake la kazi. "Toa tena," alisema. Sauti ilikuwa ya kawaida, na Redio akashusha pumzi kama aliyetuliwa gunia.

Safari hii alivuta kiti akaketi. Hewa ikaingia. Povu la kwanza likachomoza, likakaa pale pale, juu ya pini aliyokosea. Akalifuta kwa kitambaa. Nje pampu zilinguruma, kwenye saa ya ukutani mshale ulitembea, naye hakuuangalia. Maji juu ya bomba yakatulia. Akangoja. Kisha, kwenye mdomo wa uzi wa jirani, kikatokea kitu kidogo kama jicho la sisimizi, kikakua, kikateleza kwenda kukaa juu ya pini. Hapo hapo alipokitazamia.

"Umeonekana," alisema, akaziba. Upande wa pili akafanya vile vile bila kuruka hatua. Bomba likarudi mahali pake. Hewa ikasukumwa, mshale ukapanda, ukasimama. Waliutazama mpaka macho yakawawasha na haukutikisika.

"Sasa suuza," alisema, maana safu ilikuwa imeoshwa kwa klorini na kuifungua hivi hivi ni kuziua zile tando kwa mkono mwingine. Wakasuuza. Akapima klorini, bado ipo. Wakasuuza tena. Akapima, hakuna. Ndipo akafungua mwenyewe lile gurudumu la valvu, na maji yakaenda.

Mhandisi alikuwa kwenye simu akiwaambia watu wa maji wa mji waanzie na bomba la hospitali. Redio alikusanya spana zake akisubiri kidogo, kwa adabu.

"Mchanga haukatiki," alisema hatimaye.

"Potelea mbali, wewe na mchanga wako," alisema Mama Povu, na wote wakacheka kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili.

Alifika hospitali jua limeanza kulegea. Tangi lilikuwa limepata maji na mashine zinawaka. Fundi saa alikuwa bado kwenye kiti chake, mkono uko tayari, uso umejaa na midomo imefifia. Alimwona mkewe akainua nyusi tu. Kifua chake kilipanda na kushuka kwa haraka.

Nesi alikuwa anaandaa kichujio chake. Alikijaza maji ya dawa, akakigeuza juu chini, akakigonga gonga kwa kiganja kutoa hewa. Kisha akasimama. Kwenye ukingo wa kifuniko palikuwa na tone.

Akalifuta kwa pamba, akakiinua kwenye mwanga. Akangoja.

Mama Povu alisikia pumzi ya mumewe nyuma yake, fupi, moja baada ya nyingine. Alijua ni tone tu. Huenda lilimwagika wakati wa kujaza. Maneno yalimjaa kinywani, yale yale ambayo hakuna aliyethubutu kumwambia yeye kazini kwake, na kama nesi angegeuka wakati ule yangemtoka.

Nesi hakugeuka. Tone la pili likachomoza, pale pale ukingoni, likaning'inia. Akakiweka kile kichujio kando, akafungua pakiti nyingine, akaanza upya.

"Samahani mama, tutachelewa kidogo," alisema huku anaendelea. "Si unajua. Tone la kwanza ni umbea."

"La pili ni ushahidi," akamalizia mzee wa kiti cha jirani bila kufumbua macho.

Mama Povu akamgeukia mumewe. Fundi saa alikuwa anatazama dari kwa makini, kama mtoto ambaye hajui sukari imekwenda wapi.

"Wodi nzima wanalijua," alisema nesi. "Mzee ndiye mwalimu wao. Hata daktari anamwambia mwenzake hivyo hivyo. Ila sisi tumeweka tone, povu letu halionekani vizuri."

Mama Povu akavuta kistuli cha wageni akakaa, akauchukua mkono wa mumewe ule usiosubiri mashine. Ulikuwa baridi na mzito. Akaukumbatia kwa mikono yake yote miwili.

"Taratibu, nesi," alisema. "Hatuna haraka."

Alisema uongo huo bila kupepesa macho, na mumewe akamminya vidole, wakangoja.